Nimwambie Nini Roza Siku Akija?

Igawa, Usangu
Mei 1978

Mpendwa mshauri Mama Esta, nakuandikia nikiwa na aibu, maana mimi ni mtu mzima mwenye mvi, na kwetu mtu mzima hupeleka shauri lake kwa wazee wenzake, lakini wazee wenzangu nimeshawasikia wote na kila mmoja ameniacha pale pale aliponikuta. Kwa kuwa wewe unazungumza nasi redioni Jumamosi jioni, mwadila, ndivyo tunavyosalimiana sisi jua likishuka, na naomba unisikilize mpaka mwisho ingawa barua yangu ni ndefu.

Jina langu ni Masunga, Msukuma wa Maswa, nilihamia huku Usangu na familia na mifugo mwaka ule majani yalipokwisha kwetu, na sasa hapa karibu na Igawa ndipo nyumbani, tunalima mpunga kidogo na mahindi na tunachunga, na majirani zetu Wasangu tunaelewana nao vizuri. Mke wangu anaitwa Helena. Mtoto wetu wa kwanza ni Roza, anayemfuata ni Seni, na nyuma yao wapo wadogo. Shauri langu ni la huyu Roza.

Mama, huyu mtoto ndiye aliyenifundisha kuandika. Kilipoletwa kisomo cha watu wazima na mimi nilitaka kwenda, lakini mama yake Helena, ambaye tulihama naye, alikuwa ameshajiandikisha darasa lile lile na anakaa benchi la mbele, na kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, hata njiani akimwona anapita pembeni, sasa nitasomaje herufi huku nimegeukia ukuta. Basi Roza, wakati huo yuko darasa la saba, akawa ananifundishia nje jioni, ananichorea herufi vumbini kwa kijiti, na nikikosea hacheki wala hasemi umekosea, anainama anaiangalia ile michoro yangu, kisha ananiuliza, "Baba, hapa ulitaka kuandika nini?" Nikimwambia, tunaanza tena. Ndivyo nilivyojua kuandika, na ndiyo maana leo naweza kukusumbua wewe.

Alifaulu, akaenda Iringa kusomea ualimu, na mimi nikachinja, nikawaita watu wakala. Sasa mwaka juzi, wakati wa kupandikiza mpunga, wenzake wote wakiwa bado darasani, nikamwona anashuka kutoka barabarani na sanduku lake la bati kichwani, bila barua, bila taarifa. Jioni ile nilikuwa nimekaa kwenye shikome, yaani ule moto wa wanaume mbele ya zizi, pamoja na ndugu yangu Shigela na jirani yetu Yotamu, huyu ni Msangu. Roza akaja, akapiga magoti, akatuamkia, kisha hakuondoka kama wasichana wanavyoondoka, akabaki pale pale magotini, akasema, "Baba, kule Iringa mimi…" nami nikamwuliza, "Tumbo la nani?" Akasema, "Hapana, baba, siyo…" nikamwambia ataje jina la huyo mwanamume tukamtafute kabla ng'ombe hawajatoka asubuhi, na Shigela akasema watoto wa chuo ndivyo walivyo, na Yotamu akawa anautazama moto tu. Roza akasema, "Baba, naomba…" nikamwambia aende jikoni kwa mama yake, akaenda.

Tumbo halikuwepo. Hilo lilijulikana baadaye na nilimshukuru Mungu, lakini kama si tumbo ni nini kilichomtoa chuoni? Asubuhi nikiwa nakamua akaja akashika kamba ya ndama bila kuitwa, kama alivyokuwa akifanya tangu mdogo, akasema tena, "Baba, kule Iringa mimi…" Hapo Mama Esta nilimpa maneno ya mzazi, sikumtukana, nilimweleza jinsi tulivyohama, jinsi babu yake alivyolala njaa ili sisi tule, jinsi Shigela alivyosema kumsomesha msichana ni kumwaga maziwa mchangani na mimi nikamkatalia mbele ya watu, na kwamba sasa nitaweka wapi uso wangu, na kwamba mvivu hafichiki. Nilisema mpaka kibuyu kikajaa. Nilipoinua uso, ndama alikuwa amefungwa kwenye mti na Roza hayupo. Mchana alipanda lori kurudi Iringa, na mpaka leo hajalala tena nyumbani kwangu.

Kwamba ametusahau, hilo siwezi kusema. Salamu zinakuja kwa madereva wanaosimama Igawa, mama yake anapata sukari na kitenge, na mimi ananiletea betri za redio. Zikikaribia kuisha zinafika nyingine, sijui anajuaje. Redio hii ninayokusikilizia wewe inaongea kwa betri za Roza, na nikiifungua watu wote pale shikomeni wananyamaza, maana sipendi mtu akatishe maneno ya redio.

Mama yake anajua kisa chote, naona machoni. Nimemwuliza mara nyingi, "Mama Roza, mtoto ana nini?" naye jibu lake ni moja tu, "Mwenye neno yuko Iringa, Baba Roza, kamwulize mwenyewe." Basi mwaka jana baada ya mavuno nikaenda kumwuliza mwenyewe. Nilishuka Ipogoro, nikapanda kile kilima kwa miguu mpaka mjini, nikauliza sokoni mpaka nikaonyeshwa nyumba ya mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, anaitwa Mwamvita, Mwislamu, wazee wake walitoka pwani. Roza anakaa pale na anashona kwa cherehani barazani. Nilianza kusema tangu mlangoni, hata kiti sikukalia, nikamwambia yule mama kwamba nyumba yake imeficha mtoto wa watu, na kwamba nimesikia ana mtoto wa kiume, dereva wa malori, anaitwa Mrisho, na kama kuna mambo ya kufichana basi yatoke leo. Yule mama akaniletea kahawa kwenye kikombe kidogo, akasema, "Karibu, Baba Roza. Mrisho wangu ana mke na watoto wake Mbeya, usimtie kwenye hili. Mwanao alifika hapa analia, nikampa kitanda. Sikumwuliza kitu. Alinieleza mwenyewe siku alipoona vema." Hapo ndipo iliponichoma, kwamba mgeni anajua na mimi baba sijui. Kahawa sikuinywa. Roza alikuwa amesimama karibu na cherehani ameshika mkasi, amekonda kidogo, akasema, "Baba, umekula?" Nikamwambia sikuja kula.

Alinisindikiza mpaka Ipogoro, tukashuka kilima chote, yeye amebeba mfuko wangu, mimi naongea, na basi lilipokuja nilikuwa bado sijamaliza. Nikakaa dirishani. Akasogea chini ya dirisha akasema, "Baba, mimi nilitaka tu…" nami nikamwambia, "Umeniaibisha," na basi likaondoka. Niligeuka nyuma nikamwona bado ameinua mkono, na haukuwa mkono wa kuaga, ulikuwa kama wa mwanafunzi anayesubiri mwalimu amwone. Mkono ule ninao mpaka leo.

Watu wanasema mimi ni mkali, huenda na Helena anafikiri hivyo, lakini mimi ni mtu wa subira, muulize yeyote Igawa. Kiangazi kilichopita mtamba wangu mweusi mwenye baka kwenye paji la uso alipotelea kwenye ihefu, yale majimaji yenye matete ambako hata mtu anapotea. Nikamkuta mzee Ambrosi, mkata matete, nikamwuliza kama amemwona. Yule mzee ukimwuliza jambo la leo anaanzia mwaka wa njaa. Akanieleza harusi ya dada yake, akanieleza mtumbwi wake uliotoboka, akanieleza mgongo unavyomuuma, nami nimechuchumaa kwenye tope namwambia, "Ehe, kisha?" mpaka jua likapanda. Mwisho kabisa, akiwa bado kwenye habari za mgongo, akasema juzi maumivu yalimnyima usingizi na ndipo aliposikia kengele ya ng'ombe ng'ambo ya mto, ambako hakuna mtu anayechunga. Mtamba wangu nilimpata kule kule. Baba yangu alinifundisha kwamba mtafuta ng'ombe hakatishi maneno ya mtu, kwa sababu hujui nyayo zimo katika neno lipi. Nimekueleza hili usije ukadhani mimi ni mtu wa haraka.

Mama Esta, nina hamu na mwanangu. Sijui kama mwanamume anaruhusiwa kuandika hivyo lakini nimeshaandika. Kigoda alichokuwa anakalia akinifundisha, wadogo zake walikichukua, nikawanyang'anya nikakirudisha mahali pake. Lori likipunguza mwendo barabarani nalisikia mpaka kwangu, na kila mara nasimama, hata kama nakula nasimama, kisha lori linapita nakaa. Helena ananiona nikisimama, ananiongezea ugali.

Sasa Seni anaoa baada ya mavuno haya. Roza ametuma salamu kwa dereva kwamba atakuja, atafika siku moja kabla ya harusi na ataondoka ikishapita. Shigela anasema kwa kuwa ukoo wote utakuwepo tumkalishe mbele ya wazee na balozi wa nyumba kumi, aulizwe, ajibu, yaishe. Helena ameniambia kwamba nikifanya hivyo siku hiyo hatapika, na tangu nimwoe hajawahi kunitamkia neno kama hilo. Mimi maneno yangu nimeshayaandaa, lakini naogopa nikisema machache hataona uzito wake, nikisema mengi atafunga ndama aondoke, na nikimkosa safari hii moyo unaniambia sitampata tena. Kwa hiyo naomba unielekeze kama mzazi mwenzangu, Roza akija nimwambie nini?

Ni mimi msikilizaji wako,
Masunga

Majibu ya Mama Esta

Mzee Masunga, shikamoo. Naitanguliza shikamoo kabisa, maana mbele huko nitakugomba na sitaki useme huyu mama hana adabu.

Pole sana. Huo mkono ulioinuliwa pale Ipogoro umeniingia na mimi, na habari ya kigoda nimeisoma mara mbili kabla sijaweza kuisoma hewani. Kuwa na hamu na mtoto aliye hai, anayekaa mahali unapopajua, na bado huwezi kumfikia, ni maumivu makubwa. Na ndiyo, mwanamume anaruhusiwa kuandika hivyo. Wangekuwa wanaandika zaidi ningepata barua chache za kusikitisha.

Sasa yameisha mapole. Uliomba usikilizwe mpaka mwisho, nami nimekusikiliza, wasikilizaji ni mashahidi kwamba sikukukatisha hata pale mkono ulipokuwa unaniwasha. Nimekujua wewe, nimemjua Shigela, nimemjua mzee Ambrosi na mgongo wake. Mtu mmoja tu nimemtafuta katika barua hii sikumpata, na ndiye uliyeniandikia habari zake. Shikomeni alifungua mdomo ukaingia wewe. Zizini akafungua mdomo ukaingia wewe mpaka kibuyu kikajaa. Kwenye dirisha la basi vile vile. Nimerudi nyuma nikasoma tena nikitafuta maneno ya Roza yaliyofika mwisho, nikapata mawili tu, na yote mawili ni maswali, na yote mawili anakuuliza habari zako wewe. "Baba, hapa ulitaka kuandika nini?" "Baba, umekula?" Hilo la pili ukamjibu kwamba hukuja kula. Mzee Masunga, mtoto wa watu amekukosea nini?

Unaniandikia kwamba ulimwuliza. Hukumwuliza. "Tumbo la nani?" si swali, ni hukumu, na ulimsomea akiwa magotini mbele ya wanaume, hata Yotamu wa watu akakosa pa kuweka macho. Ukaja kusema mvivu. Ukaja kusema kafichwa. Ukaja na Mrisho, baba wa watoto wake, anaendesha lori lake hajui hata kwamba ameshaozeshwa. Kila sababu uliyonitajia umeitoa kichwani mwako au kinywani mwa Shigela. Ni lini uliichukua kwa Roza? Mpaka leo hujui kwa nini mwanao aliacha chuo, na mimi sijui, na wasikilizaji hawajui, kwa hiyo naomba msiniletee barua za kubashiri. Anajua yeye, na mama yake, na Bi Mwamvita, kwa sababu hawa wawili walimwacha aseme.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba wewe kusikiliza unajua. Ungekuwa hujui ningekuhurumia. Ulichuchumaa kwenye tope ukamsikiliza Ambrosi kuanzia mwaka wa njaa mpaka harusi ya dada yake, na kila akipumzika unamwambia ehe, kisha. Hukumwambia mzee acha porojo. Hukumwambia wewe ndiye mwizi wa mtamba wangu. Ulikaa kimya kwa sababu ulijua kwamba hujui ng'ombe aliko. Kwa Roza ulidhani unajua, basi masikio yakafungwa, ukabaki unasubiri akiri. Baba yako alikufundisha neno zuri kuliko lolote nitakalokuambia mimi, kwamba hujui nyayo zimo katika neno lipi, nawe ukalitumia kwa mtamba, mwanao ukamnyima.

Halafu hizo betri. Msichana anashona barazani kwa mtu, katika kichache anachopata anakununulia betri ili wewe ukae usikilize watu wengine wakiongea, na zizi zima linanyamaza ili mimi, nisiyekujua, nimalize maneno yangu. Ningekuwa wewe ningeona aibu kuiwasha hiyo redio. Lakini usiizime, bado sijamaliza.

Najua utasema, Mama Esta, je, kama ni jambo baya? Linaweza kuwa baya. Linaweza kuwa alikosa yeye, linaweza kuwa alikosewa, linaweza kuwa jambo ambalo kwako ni dogo na kwake ndilo lililomvunja. Kumsikiliza mtu si kumkubalia. Ukishamsikia mpaka mwisho bado wewe ni baba yake, bado una haki ya kukasirika, na kama ni la kukasirikia nitakaa upande wako. Hasira yako haitaoza ikisubiri asubuhi moja. Yeye amesubiri tangu mwaka juzi.

Umeniuliza umwambie nini. Hapo ndipo ulipokosea swali, mzee wangu, maana maneno umeshamwambia mengi. Hayo uliyoyaandaa yaache, usije nayo hata nusu.

Habari ya kumkalisha mbele ya wazee na balozi, ifute leo. Kikao ulishamfanyia siku ile shikomeni, ukaona kilichozaliwa. Ndugu yako Shigela mpe kazi ya kugawa nyama, mpe nyama nyingi, shughuli imshike asipate nafasi ya kushauri. Na wewe Mama Roza, kama uko karibu na redio hiyo, nakuheshimu sana mwenzangu. Neno la mtu ulikabidhiwa ukalitunza, hukulimwaga hata kwa mumeo. Siku hiyo upike.

Lori au basi litakalomleta likipunguza mwendo, simama kama unavyosimama siku zote, ila safari hii usikae tena. Nenda barabarani wewe mwenyewe, peke yako, usitume mtoto. Mzigo wake ubebe wewe. Njiani usimwulize habari ya chuo wala ya Iringa, wala usimwambie umemsamehe, maana hujui hata unamsamehe nini. Mwulize alichokuuliza yeye, kama amekula. Akisema hajala, ale. Jioni ile mwachie mama yake na wadogo zake.

Kama hatataka kusema, usimlazimishe na usinune. Mtu aliyekatishwa mara nyingi hawezi kukuamini kwa siku moja. Mwambie utakuja Iringa, kisha uende kweli, na ukifika kaa kwenye kiti, kunywa kahawa ya Bi Mwamvita uliyoiacha ikapoa, na umwombe radhi yule mama. Akianza kusema halafu akalia, usimkimbilie na methali. Akisema jambo linalokuchoma, uma meno na umwambie ehe, kisha, kama ulivyomwambia Ambrosi. Na pale usipoelewa, usimalizie kwa akili yako. Mwulize kama alivyokuwa anakuuliza juu ya zile herufi zako vumbini, kwamba hapa mwanangu ulitaka kusema nini. Yeye hakukucheka ulipokosea, na hukuwa mwandishi mwepesi, nakisia kwa mwandiko huu.

Sasa asubuhi ya harusi, wageni wakiwa bado wamelala, ng'ombe watataka kukamuliwa kama siku nyingine. Nenda zizini mapema. Roza atakuja, namjua kwa barua yako tu lakini naamini atakuja, na atanyoosha mkono kushika kamba. Usimpe. Mpe kibuyu yeye akamue, kamba ya ndama uishike wewe, ili mikono yako iwe na kazi na mdomo wako upumzike. Mwache akamue kidogo. Kisha mwambie, "Mwanangu, ulikuwa unasema, kule Iringa wewe…"

Hapo nyamaza, mzee wangu, hata ndama akivuta.